Kaburi Linaloelekea Macheo Linashuhudia Nini?

Mhubiri anayetaka kuonyesha kwamba tumaini la ufufuo limo moyoni mwa kila binadamu, na mpinzani wake anayetaka kuonyesha kwamba Pasaka ni ibada ya jua iliyovishwa kanzu mpya, mara nyingi hukimbilia ushahidi uleule. Wote wawili huyataja makaburi ya mawe makubwa ya Ulaya ya kale, yale yaliyojengwa kwa ujia mrefu unaotazama mahali jua linapochomoza. Linalotajwa kuliko yote ni Newgrange, huko Ayalandi, lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, karne kadhaa kabla ya piramidi kuu ya Giza. Ni kilima cha kujengwa chenye upana wa mita 85 hivi, na ndani yake mna ujia wa mita 19 unaofika hadi chumba cha wafu. Juu ya mlango pameachwa tundu. Katika siku zinazozunguka tarehe 21 Desemba, ambapo mchana wa kule kaskazini ni mfupi kuliko wote wa mwaka, mwale wa jua hupenya tunduni dakika chache baada ya macheo, ukatambaa sakafuni na kukiangaza chumba kwa dakika 17 hivi. Michael O'Kelly, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji wa mahali hapo, alikaa ndani gizani mwezi Desemba 1967 akauona mwale ukiingia. Mhubiri husema: tazameni, hata wasiosikia Injili walijua kwamba nuru itawafikia wafu. Mpinzani husema: tazameni, nuru hiyo ilikuwa ya jua tu, na ninyi mmeirithi bila kujua.

Nadhani wote wawili wanalidai jiwe lisichoweza kulipa. Kaburi lililoelekezwa upande fulani kwa makusudi linaweza kushuhudia jambo moja kubwa, kwamba walio hai walijiona wana deni kwa wafu wao wakalilipa kwa jasho. Likiwa peke yake haliwezi kutuambia walisadiki nini juu ya hali ya hao wafu, wala walimwabudu nani. Silisemi hili kwa kuitilia shaka dini. Nalisema kwa sababu imani ikiegemezwa kwenye ushahidi usioweza kuibeba, huanguka siku ushahidi unapoguswa, na anayeumia ni mfiwa aliyeambiwa ashikilie hapo. Mahali pazuri pa kulipima dai hili ni Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kati ya Mbeya na Iringa. Huku hakuna makaburi ya ujia. Yapo makaburi ya Waislamu na ya Wakristo, yapo ya watawala wa jadi, yapo pia ya watu wa kale sana wasio na jina. Na kwa sehemu kubwa wapo watu hai wanaoweza kueleza kwa nini marehemu alilazwa hivi na si vile. Anayeyasoma mawe ya Ayalandi hana msaada huo.

Tuanze na jua lenyewe, kwa kuwa watu husahau kwamba haliendi namna moja kila mahali. Newgrange iko karibu digrii 54 kaskazini mwa ikweta. Kule mchana wa Desemba ni wa saa saba na nusu hivi, na ule wa Juni hufikia saa kumi na saba. Mtu wa huko ana sababu ya kuona jua linamkimbia kisha linamrudia. Mbeya iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta na Iringa karibu digrii 8, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima ni kama saa moja tu. Desemba, mwezi ambao Newgrange inausubiri mwale wake, huku ni mwezi wa mvua na palizi, na jua likionekana adhuhuri linakuwa upande wa kusini. Baridi yetu ni ya Juni na Julai, umande ukiganda kuwa barafu katika nyanda za Kitulo, lakini hiyo ndiyo miezi ambayo anga halina wingu na jua linaonekana kutwa. Tukio la jua linaloweza kumshtua mtu katika latitudo hizi ni jingine kabisa: mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua hupita utosini hasa, na nguzo iliyosimama wima haina kivuli adhuhuri. Lile la Oktoba huja joto likiwa limepanda, mashamba yametayarishwa, watu wanayatazama mawingu. Kwa hiyo hoja kwamba binadamu wote hukisoma kifo na ufufuo katika jua la Desemba inakwama kabla hatujafika makaburini. Hofu ya mkulima wa Rungwe au wa Kilolo si kwamba nuru itakwisha. Hofu yake ni kwamba mvua haitakuja.

Sasa twende makaburini, na tuanzie Iringa mjini. Mwislamu huzikwa akilazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekezwa kibla. Kutoka Iringa, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kwa digrii karibu 8. Maiti anayelazwa ubavu wa kulia akitazama huko, kichwa chake huwa upande wa mashariki na miguu magharibi. Mkristo aliyezikwa kwa desturi kongwe ya makanisa hulazwa chali, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya mwisho akiinuka awe anatazama macheo. Makaburi ya dini hizi mbili, basi, hufuata karibu mstari mmoja wa mashariki na magharibi, vichwa vikiwa pande zilizo kinyume. Fikiria mchimbaji wa miaka 4,000 ijayo asiye na Kurani wala Biblia, anayekuta mifupa tu. Ataandika kwamba mji huu ulikuwa na dini moja ya jua iliyogawanyika makundi mawili: kundi lililoelekeza kichwa kwenye macheo na kundi lililoelekeza miguu. Atakuwa amepima vizuri na ameelewa vibaya.

Lakini si hilo tu. Ukiuchukua mstari wa kaburi la Mwislamu wa Iringa, kuanzia miguuni kupita kichwani, ukaufuata hadi upeo wa macho, utafika kama digrii 8 kusini mwa mashariki halisi. Hapo ndipo jua linapochomoza mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Na siku hizo, kama nilivyosema, ndizo siku ambazo jua husimama utosini Iringa. Ukikokotoa kwa latitudo na longitudo za mji, tofauti kati ya mistari hiyo miwili haifiki hata digrii moja. Milima iliyo mbele ya macho itasogeza macheo zaidi ya hapo. Hakuna aliyelipanga hili. Limetokea kwa sababu Makka iko pale ilipo na Iringa iko hapa ilipo. Hata hivyo mchimbaji wetu akiligundua atashangilia: amepata taifa lililozika wafu wake kuelekea jua la siku isiyo na kivuli, na amelithibitisha kwa usahihi ambao makaburi mengi ya mawe ya Ulaya hayaufikii. Atalithibitisha tena katika kaburi la pili, na la mia, na la elfu, maana yote yamechimbwa kwa kanuni moja.

Na hao anaowasingizia ibada ya jua ndio walio mbali nayo kuliko wote. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Uqba bin Amir inayozitaja nyakati tatu ambazo Mtume alikataza kuswali na kuzika: jua linapochomoza hadi lipande, linaposimama utosini, na linapoelekea kuzama. Wanazuoni wametofautiana juu ya upana wa katazo hilo, hasa kuhusu maziko, lakini mojawapo ya sababu zilizotajwa katika hadithi za mlango huo iko wazi: Mwislamu asifanane na wanaolisujudia jua. Saa zake za swala zinasomwa kwa jua, kuanzia alfajiri hadi magharibi, na kwa sababu hiyohiyo amewekewa mpaka ili kinachompa saa kisije kikawa anachokiabudu. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha umbali unaoweza kuwapo kati ya mwelekeo wa kaburi na imani ya aliyemo. Kaburi linatazama macheo, na imani inasema: wakati wa macheo, ngoja.

Nitapingwa kwamba huu ni mzaha wa hesabu, kwamba sadfa moja ya Iringa haiwezi kuifuta elimu nzima. Siifuti. Newgrange si sadfa. Tundu la juu ya mlango halina kazi nyingine inayoeleweka. Mlango peke yake usingeuruhusu mwale kufika chumbani, kwa kuwa ujia unapanda kadiri unavyoingia ndani. Mjenzi aliyeliweka alijua alitakalo. Vilevile, mtafiti Michael Hoskin alipima makaburi 177 ya aina moja, ya mawe saba, yaliyotapakaa katika Ureno na Hispania, akakuta yote bila kasoro yanatazama ndani ya eneo ambalo jua huchomoza katika majira mbalimbali ya mwaka. Mtu mwenye akili hawezi kuyaita haya bahati. Ila tuangalie kinachotofautisha ushahidi huu na ule wa Iringa. Wingi pekee hautoshi, maana Iringa nayo ina wingi. Kinachomwokoa mchimbaji ni upana wa nchi. Akitoka Iringa akaenda Mbeya, atakuta kibla kimeegemea mashariki kwa digrii karibu 12. Akienda Tabora atakuta 14. Akishuka Dar es Salaam atakuta karibu kaskazini tupu. Mistari ya kule nyuso zinakotazama inageuka kadiri anavyosafiri, na akiichora yote kwenye ramani itakutana mahali pamoja, Uarabuni. Hapo ataliacha jua na kuanza kuuliza pana nini huko. Makaburi ya Hoskin, yaliyotawanyika eneo kubwa, hayakutani mahali pamoja. Yanabaki na macheo. Kwa hiyo nia inaweza kuthibitishwa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kutoka kwenye nia na kudai tumeijua imani.

Afrika Mashariki ina onyo lake katika jambo hili, tena la karibu. Huko Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, mahali panapojulikana katika vitabu kwa jina la Namoratunga ya pili. Mwaka 1978 Mark Lynch na Lawrence Robbins walitangaza katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kuzielekea nyota ambazo kalenda ya wafugaji Waborana huzitumia, kama Kilimia na nyota za Orioni, na kwamba zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari hiyo iliwafurahisha wengi, nami naielewa furaha yao: bara lililoambiwa kwamba halikuwa na elimu ya anga lilipata ushahidi wa mawe. Miaka michache baadaye Robert Soper alikwenda kupima upya, akaona mawe yenyewe yana usumaku unaoivuruga dira. Kisha uchimbaji wa karne hii katika nguzo za aina hiyo ukazirudisha nyuma hadi miaka 5,000 au 4,000 iliyopita, na katika muda kama huo mahali nyota zinapochomoza hubadilika. Kalenda ya Waborana ni elimu ya kweli na wapo wanaoijua mpaka leo. Haikuhitaji kusaidiwa na nguzo za Kalokol. Tulipoibebesha mawe tuliidhulumu kwa kudhani kwamba elimu isiyochongwa haipo.

Kusini kidogo ya Kalokol, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, ndipo mawe yalipoanza kusema jambo ambalo yanaweza kulisema. Timu ya Elisabeth Hildebrand na wenzake ilichapisha mwaka 2018 habari za jukwaa la mawe la wafugaji wa kwanza wa Turkana, lenye upana wa mita 30 hivi, nguzo zikiwa upande mmoja. Chini yake kuna shimo la makaburi linalokadiriwa kuwa na watu wasiopungua 580, waliozikwa kwa muda wa karne kadhaa, wake kwa waume, vichanga kwa wazee. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo, na mapambo hayo hayamtofautishi mkubwa na mdogo. Mtu mmoja alivikwa kichwani pambo lenye meno 405 ya mbele ya panya wa nyikani, waliokamatwa zaidi ya mia moja. Hebu tulitazame pambo hilo kwa utulivu. Panya ni wadogo, meno yao ni kama vipande vya sindano. Kumkamata mmojammoja, kung'oa, kulinganisha, kupanga na kufunga ni kazi ya siku nyingi na mikono mingi, na mwisho wake ni kuzikwa. Hatujui walimwita Mungu kwa jina gani. Tunajua kwamba hawakuwa na haraka na maiti wao.

Linganisha na Newgrange. Mifupa iliyopatikana chumbani mle ilikuwa ya watu wachache mno, yamkini watano, kwa jengo la tani laki mbili hivi za mawe na udongo. Mwaka 2020 Lara Cassidy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya mwanamume aliyezikwa humo, wakakuta kwamba wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa, ama kaka na dada, ama mzazi na mtoto. Ndoa za namna hiyo, pale zinaporuhusiwa hadharani, zimejulikana hasa katika nyumba za wafalme waliojihesabu kuwa miungu, kama Misri ya kale. Watafiti wenyewe wameona hapo dalili ya tabaka la watawala. Kama ndivyo, ule mwale wa Desemba unaomgusa mhubiri moyoni huenda haukuwa tumaini la watu wote. Huenda ulikuwa dai la ukoo mmoja kwamba hata jua huja kuwaamkia wafu wao. Mimi nikiulizwa ni kaburi lipi kati ya haya mawili lililo karibu na ninachokiita dini, sitalichagua lenye hesabu bora ya jua. Nitalichagua lile ambalo kichanga alipata nafasi.

Hapa linakuja pingamizi la aina nyingine, na mara nyingi hutoka kwa wasomi wetu wenyewe. Wanasema: ni rahisi kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini kuyadharau mawe, kwa kuwa kwao hayapo, je, si kweli kwamba watu wanaofikiri kwa kina juu ya kifo huacha alama zinazodumu? Pingamizi hili linadhani kwamba kudumu kwa alama na kina cha fikra ni kitu kimoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake Unyakyusa, huko Mbeya, pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1934 hadi 1938, alieleza katika vitabu vyake vya 1957 na 1959 jinsi maombi ya nchi yalivyofanyika kwenye vichaka vitakatifu walikozikwa watawala, na juu ya vyote kichaka cha Lubaga, makao ya Lwembe. Lwembe alihesabiwa kuwa na uzima wa nchi mwilini mwake: mvua, chakula na uzazi. Kwa maelezo aliyoyapokea Wilson, Lwembe aliyedhoofika hakuachwa afe mwenyewe, na nywele na kucha zake zilichukuliwa kabla hajakata roho ili nguvu ya ustawi isiondoke naye. Waweza kuichukia desturi hiyo, nami siitetei. Lakini huwezi kusema kwamba waliokuwa nayo hawakuwaza juu ya mamlaka, mwili na kifo. Waliwaza sana, na alama waliyoichagua ni miti. Kichaka kinahitaji kulindwa kila kizazi. Kikiachwa, shoka humaliza habari. Jiwe hukaa hata likisahauliwa. Sioni kwa nini kinachodumu bila mtu kujali kiwe ushahidi bora wa imani kuliko kinachodumu kwa sababu watu wanajali.

Tena si kweli kwamba Iringa haina wafu wa kale. Mlambalasi, kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, pana pango la mwamba ambalo Paul Msemwa alilichimba mwaka 2002 na Pamela Willoughby na timu yake wakaendelea nalo mwaka 2006 na 2010. Humo imepatikana mifupa ya watu wa mwisho wa zama za barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Walizikwa chini ya mwamba, na huo ndio mnara wao. Mahali hapohapo kuna kaburi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, na ambaye kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Kilirudi mwaka 1954 kwa mkono wa Gavana Edward Twining, kikapokewa na mjukuu wa Mkwawa, Mtwa Adam Sapi, nacho kiko Kalenga hadi leo. Swali ambalo kaburi la Mlambalasi liliwauliza Wahehe kwa miaka 56 halikuwa linatazama wapi. Lilikuwa kama mtu amezikwa ikiwa sehemu yake iko ng'ambo ya bahari. Mtafiti wa mielekeo angelipima kaburi hilo kwa dira, akaandika digrii zake bila kosa, na asigundue kwamba jambo lililowauma watu lilikuwa kile kisichokuwamo. Deni kwa wafu lilidaiwa hadi kwenye meza ya mataifa, na lililipwa ingawa kwa kuchelewa. Hilo nalo ni ushahidi wa aina niliyoitaja mwanzo, na hakuna jua ndani yake.

Yupo atakayesema nimelipunguza mno jua, kwamba hata huku watu wamelikutanisha na wafu. Ni kweli, na mfano wa Mbeya ni mkubwa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakaja na desturi iliyoanzia makaburini Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: kumpokea Kristo mfufuka alfajiri ya Pasaka palepale walipolala wafu. Kanisa la Moravian la kusini mwa Tanzania limekua kupita lile lililolituma, na desturi ingalipo. Waumini huamka usiku, hukusanyika makaburini kabla ya mapambazuko, tarumbeta hupigwa, na liturujia huwakumbuka waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mpinzani wetu ataruka hapa: makaburi, macheo, mara moja kwa mwaka, kuna tofauti gani na Newgrange? Tofauti ya kwanza iko katika kalenda. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia Machi 21 au baada yake, kwa hiyo huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na katika muda huo mahali jua linapochomoza husogea digrii zipatazo 13. Hakuna tundu la jiwe linaloweza kulengwa kwenye sikukuu inayohama hivyo. Anayetaka kuliabudu jua hangechagua siku kwa mwezi, wala hangeifunga kwenye Jumapili.

Tofauti ya pili ni kwamba ibada hiyo haimwachii mchimbaji chochote. Hakuna kaburi linalogeuzwa kwa ajili yake wala jiwe linalosogezwa. Asubuhi ikipita, nyasi zilizokanyagwa husimama tena. Mtu wa mwaka 6000 akiyachimba makaburi ya Rungwe hataweza kujua kwamba kila mwaka walio hai walikuja kuwatajia wafu wao habari ambayo waliiona kuwa njema kuliko zote. Nitaulizwa kama hilo halinitii huzuni, kwamba maana ikikaa katika ibada, na ibada ikikaa katika watu, basi watu wakitoweka maana hutoweka pia. Linanitia huzuni kwa wana Newgrange, ambao wimbo wao, kama walikuwa nao, umezimika ndani ya jengo lao. Kwa anayeamini, hata hivyo, habari za wafu hazikukabidhiwa kwa wanaakiolojia. Kama Mungu anawakumbuka, anawakumbuka bila nguzo. Kama hawakumbuki, tani laki mbili za mawe hazitamkumbusha. Na kwa asiyeamini linabaki angalau hili, kwamba hawezi kuchukua ukimya wa udongo na kuuita ukosefu wa fikra.

Hata mpinzani anayeshikilia kwamba jua ndilo linalongojewa Rungwe ana namna ya kulijaribu dai lake mwenyewe, bila dira wala vinasaba. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na Pasaka huangukia katikati ya mvua hizo. Alfajiri nyingi za Machi na Aprili mlima umefunikwa, ukungu umeshuka hadi mashamba ya chai na migomba, na jua halionekani hadi saa tatu au nne asubuhi, pengine halionekani kabisa. Newgrange nayo hupata asubuhi za mawingu, na siku hizo walioingia chumbani hutoka bila kukiona walichokifuata. Makaburini Rungwe, wingu likitanda, tarumbeta hupigwa kwa saa ileile, liturujia husomwa hadi mwisho, na majina ya mwaka huu hayarukwi.